Mtoto Nyuma ya Mlango

 

Somo letu la leo latoka katika Injili ya Yohana, mlango wa 11, tangu mstari wa 11 hadi wa 36. Twawaomba mlisome lote nyumbani, mkiwa pamoja na watoto wenu. Kwa sasa twataja mambo mawili tu yaliyomo. Bwana Yesu alipowaambia wanafunzi kwamba rafiki yao Lazaro amelala, wao walidhani ni usingizi wa kawaida, wakaona kwamba basi atapona. Ndipo Bwana akaliacha lile neno la usingizi, akawaambia waziwazi kwamba Lazaro amekufa. Hilo ni la kwanza. La pili ni hili: alipofika Bethania, ingawa alijua kwamba muda si mrefu atamwita Lazaro atoke kaburini, alilia machozi mbele ya watu wote.

Aliwaambia kweli, kisha akalia pamoja nao. Tuyashike mambo hayo mawili, kwa sababu leo twataka kusema juu ya watoto wanaofiwa na baba au mama ghafula.

Kiko kitabu cha hadithi kilichoandikwa na Mmarekani aitwaye James Agee. Jina lake ni A Death in the Family, nasi twaweza kusema Kifo Katika Jamaa. Kilichapishwa mwaka 1957, miaka miwili baada ya mwandishi mwenyewe kufariki, na mwaka 1958 kikapewa tuzo ya Pulitzer, ambayo ni heshima kubwa kwa waandishi wa Marekani. Ni riwaya, lakini msingi wake ni jambo lililotukia. Agee alizaliwa mwaka 1909 katika mji wa Knoxville, jimbo la Tennessee. Mwezi wa Mei mwaka 1916, alipokuwa na umri wa miaka sita, baba yake aliuawa katika ajali ya motokaa. Agee alikufa kwa ugonjwa wa moyo mwezi wa Mei mwaka 1955, akiwa na miaka 45, siku mbili kabla ya siku ya ukumbusho wa kifo cha baba yake. Kitabu hiki alikuwa bado hajakimaliza. Kwa hiyo mtu mzima huyu, aliyekuwa na jina na kazi nzuri, alikufa akiwa angali anaandika habari za asubuhi moja ya utoto wake. Mtu akituambia kwamba watoto husahau upesi, na tumkumbushe jambo hili.

Hadithi yenyewe ni hii. Katika mji wa Knoxville, mwaka 1915, alikuwako baba aitwaye Jay, na mkewe Mary, na watoto wawili: Rufus mwenye miaka sita, na dada yake mdogo Catherine. Mary alikuwa mtu wa ibada sana, wa Kanisa la Episcopal, ambalo ni la ushirika wetu wa Kianglikana. Jay hakuwa mtu wa kanisa, wala hakuwa amebatizwa, lakini alikuwa baba mwema aliyewapenda watoto wake. Usiku mmoja simu ililia. Ndugu yake Jay alisema kwamba baba yao huko mashambani yu mgonjwa sana. Jay akaondoka kabla ya kupambazuka. Hakuwaamsha watoto, akitumaini kurudi jioni kabla hawajalala. Huko alikuta kwamba mzee hakuwa mahututi. Lakini alipokuwa akirudi, pini ndogo ya chuma kwenye usukani ilichomoka, gari likamshinda, akapigwa kidevuni, akafa papo hapo. Mwilini mwake palionekana alama ndogo tu.

Siku ile ile shangazi yake Mary, jina lake Hannah, alikuwa amemnunulia Rufus kofia mpya. Asubuhi mtoto aliamka na furaha, akakimbilia chumba cha wazazi ili baba aione kofia ile. Baba hakuwako. Alimkuta mama peke yake kitandani, na uso wake umebadilika.

Wapenzi, sehemu iliyobaki ya kitabu ni juu ya siku zile mpaka mazishi, na jinsi watu wazima walivyowatendea watoto wale. Wengi wao walikuwa watu wema, na walitaka kufanya vizuri. Hata hivyo watoto waliachwa nyuma ya mlango. Twataka kutazama mambo matatu.

Jambo la kwanza ni maneno. Mary aliwaita watoto wote wawili, akawakumbatia, akawaambia kwamba baba hatarudi nyumbani, kwamba Mungu amemchukua mbinguni. Ni maneno ya mjane aliyekesha usiku kucha, nasi hatumlaumu. Lakini Rufus alimtazama, akauliza kama baba amekufa. Alitaka neno lenyewe. Naye Catherine mdogo, baada ya kusikia hayo yote, aliendelea kuuliza baba atarudi lini. Wanafunzi wa Yesu, watu wazima kabisa, walipoambiwa habari za usingizi hawakuelewa. Mtoto wa miaka minne ataelewaje?

Katika nyumba nyingi twasikia mtoto akiambiwa kwamba baba amesafiri, au amelala, au yuko hospitali. Maneno haya husemwa kwa upendo. Lakini mtoto akiambiwa kwamba baba amesafiri, hungoja. Kila gari likipita njiani huinua kichwa. Mwaka ukiisha ataanza kujiuliza amekosa nini hata baba asitake kurudi. Mtoto akiambiwa kwamba mama amelala, ataogopa kulala. Na akiambiwa kwamba Mungu alimtaka baba, basi akamchukua, bila maelezo mengine, je, atampenda Mungu huyo jioni atakapotakiwa kupiga magoti? Mtoto ana hesabu zake. Atasema moyoni kwamba Mungu ana malaika wengi, nami nilikuwa na baba mmoja.

Tena siri haifichiki. Wazee walisema, mficha maradhi, kilio humfichua. Katika kitabu cha pili cha Samweli, mlango wa 12, twasoma kwamba mtoto wa Daudi alipokufa, watumishi waliogopa kumwambia. Walinong'ona. Daudi alipoona wananong'ona, alijua, akawauliza, nao wakamjibu wazi. Watoto wetu wana macho kama Daudi. Wakiona wanawake wananyamaza ghafula wanapoingia jikoni, wakiona viti vinaletwa uani na majirani wanapika katika masufuria makubwa, wanajua. Ila wanajua peke yao.

Katika hadithi hii Rufus alitoka nje, ingawa alikuwa amekatazwa, akiwa amevaa kofia yake mpya. Akasimama njiani ambapo wavulana wakubwa walipita kwenda shule, akawaambia kwamba baba yake amekufa. Kwa kitambo alijiona mkubwa, kwa sababu wote walimsikiliza, na siku nyingine walizoea kumdhihaki. Lakini mmoja wao akaleta maneno ya mitaani kwamba baba yake alikuwa amelewa. Ndipo fahari ile ikageuka aibu. Alirudi nyumbani, akakiendea kiti cha baba, akakinusa. Akatia kidole katika kisahani cha majivu ya tumbaku ya baba, akakilamba. Hakuna mtu aliyemwona.

Labda mzazi mwingine angemchapa mtoto huyo kwa kujisifu kwa kifo cha baba yake. Tusifanye hivyo. Mtoto hulia kwa njia nyingi. Mwingine hucheza mpira siku ya mazishi. Mwingine hucheka. Mwingine huanza tena kukojoa kitandani. Huo wote ni msiba. Na yale asiyoambiwa nyumbani ataambiwa njiani, wala huko njiani hataambiwa kwa upendo.

Jambo la pili latuhusu sisi tulio wachungaji, na wazee wa kanisa, na akina mama wanaokwenda kufariji waliofiwa. Katika kitabu yumo kasisi, Father Jackson. Alikuja katika nyumba ya msiba, akawakuta watoto wakimtazama. Neno lake la kwanza kwao lilikuwa kuwakemea, kwamba si adabu kuwakodolea macho wakubwa. Kisha akaingia chumbani kwa mama yao na mlango ukafungwa. Watoto wale wawili walisimama nje wakisikiliza. Maneno hawakuyapata vizuri, ila sauti walizisikia: sauti ya kasisi ikiwa na nguvu, na sauti ya mama ikizidi kuwa ndogo. Hivyo ndivyo walivyokutana na mtumishi wa Kanisa katika siku ile.

Kule kaburini Father Jackson hakusoma ibada yote ya maziko, kwa sababu marehemu hakubatizwa. Hakulitunga jambo hilo mwenyewe. Kitabu cha Sala cha Kianglikana cha mwaka 1662 kiliagiza kwamba ibada ile isitumiwe kwa aliyekufa bila ubatizo, na Kanisa la Marekani lilikuwa na agizo la namna hiyo katika siku zile. Wala hatusemi kwamba Kanisa lisiwe na taratibu. Ubatizo si kitu cha mchezo, nasi twawasihi ninyi mnaouahirisha mwaka baada ya mwaka msiuahirishe tena. Lakini na tuulize: hata kama kasisi yule hakuruhusiwa kusoma sala fulani, ni agizo gani lililomkataza kuinama na kumshika mtoto mkono? Ni sheria gani ilimzuia kusema kwamba baba yako alikupenda, nami nasikitika pamoja nawe? Hakuna. Katika Injili ya Marko, mlango wa 10, wanafunzi waliwazuia watoto wasimkaribie Bwana, naye alichukizwa nao. Kisha akawakumbatia watoto. Mchungaji anaweza kuwa na maagizo yote sahihi mkononi, na bado akasimama upande wa wale waliowazuia watoto.

Tusidhani kwamba ni watu wa dini tu waliokosa. Ndugu yake Mary, Andrew, hakuwa mwamini. Baada ya maziko alimchukua Rufus wakatembea pamoja. Alimsimulia jambo zuri: jeneza lilipokuwa likiteremshwa kaburini, kipepeo alikuja akatua juu yake, akakaa, kisha akaruka juu kwenye mwanga wa jua. Mtoto alifurahi kusikia. Lakini mara Andrew akaanza kumwaga hasira yake juu ya kasisi na sala zao, akizimwaga mbele ya mtoto wa miaka sita. Rufus alichanganyikiwa. Aliona kwamba mjomba anawachukia watu wale ambao pia anawapenda, naye mama yake ni mmoja wao. Alitaka kuuliza, asiulize. Walirudi nyumbani kimya, na hapo kitabu chaisha.

Hayo twayaona ni mazito. Mwenye imani alimfungia mtoto mlango, na asiye na imani akamtwisha mzigo wake. Kila mmoja alikuwa na la kwake, na swali la mtoto likabaki bila kuulizwa. Ndugu zangu, katika misiba yetu pia wako watu wazima wenye ugomvi wao: mahali pa kuzika, nani atashika shamba, nani alimlaani nani, mchungaji wa dhehebu gani ataongoza. Maneno hayo hunenwa juu ya vichwa vya watoto kana kwamba hawana masikio. Tukiwa na hasira, tuitoe kwa mkubwa mwenzetu, au kwa Mungu katika maombi. Martha na Mariamu walimwambia Bwana wazi kwamba kama angalikuwapo ndugu yao hangalikufa, naye hakuwakemea. Mtoto asifanywe kapu la kutupia uchungu wa wakubwa.

Jambo la tatu ni yale tunayoweza kufanya. Hayahitaji elimu kubwa wala fedha.

Mtoto aambiwe mapema, na aambiwe na mtu anayemwamini: mama, au nyanya, au mjomba aliye karibu naye. Atumie neno lenyewe: baba amekufa. Amweleze kwamba mwili wa baba hauwezi tena kupumua, wala kusikia baridi, wala maumivu. Amwambie kwamba si kosa lake, hata kama jana alikuwa mkaidi na baba akamgombeza, kwa maana watoto wengi hulifikiri hilo na hawalisemi. Amwambie ni nani atakayekaa naye, na atalala wapi usiku wa leo. Baada ya hayo amweleze juu ya Mungu na tumaini la ufufuo, nalo pia kwa maneno machache ya kweli. Akiuliza kwa nini Mungu aliruhusu, twaweza kumjibu kwamba hilo hatulijui, lakini twajua kwamba Yesu alilia penye kaburi la rafiki yake, na kwamba hatatuacha. Jibu hilo si la aibu. Mtoto anaweza kuliegemea, na akikua hatagundua kwamba tulimdanganya.

Tena asifukuzwe kwenye mazishi. Katika kitabu hiki yumo rafiki wa jamaa aitwaye Walter Starr, aliyepewa kazi ya kuwaondoa watoto wakati wa maziko. Aliwachukua katika motokaa yake, lakini alisimamisha gari mahali ambapo waliweza kuona kwa mbali jeneza la baba yao likitolewa nyumbani. Alifahamu kwamba walihitaji kuona. Mtoto akitaka kwenda kaburini, aende, na awepo mtu mzima mmoja ambaye kazi yake siku hiyo ni kumshika mkono tu. Akikataa, asilazimishwe.

Na baada ya watu kutawanyika, jina la marehemu lisizikwe pamoja naye. Tulitaje mezani. Tumwambie mtoto kwamba baba yako alipenda wimbo huu, mama yako aliupanda mti ule. Atauliza yale yale mara kumi. Tumjibu mara kumi. Mwalimu wa shule ya Jumapili, ukijua kwamba katika darasa lako yumo mtoto aliyefiwa, usingoje aje kwako. Keti karibu naye.

Twamalizia na habari moja ya kutia moyo. Mvulana James Agee, aliyefiwa na baba akiwa na miaka sita, alipelekwa mwaka 1919 katika shule ya St. Andrew's, karibu na Sewanee huko Tennessee. Shule hiyo iliendeshwa na watawa wa Kianglikana. Huko alimkuta kasisi mmoja mwalimu, Father James Harold Flye. Kasisi huyo alimsikiliza mtoto huyo. Urafiki wao haukuisha mvulana alipoondoka shuleni. Agee alimwandikia barua kwa muda wa miaka thelathini, tangu mwaka 1925 mpaka mwaka aliokufa, 1955, na barua hizo zilichapishwa mwaka 1962. Agee hakuishi maisha yasiyo na lawama, na imani yake ilikuwa na mashaka mengi. Lakini alikuwa na mlango mmoja katika Kanisa ambao haukufungwa, naye aliujua, akaubisha mpaka mwisho.

Msikilizaji mpenzi, katika mtaa wenu yuko mtoto aliyefiwa mwaka huu. Jina lake walijua. Huenda amekwisha kurudi shuleni, na watu wamesema kwamba ametulia. Juma hili mwendee. Usimhubirie. Muulize habari za baba yake, kisha umsikilize.

Na tuombe.

Ee Bwana Yesu, wewe uliyesema kweli kwa rafiki zako na kulia pamoja nao, waangalie watoto wote walioamka leo bila baba au bila mama. Uwape mtu wa kuwaambia kweli kwa upendo. Uwatie nguvu wajane na wagane wasiojua waseme nini usiku huu. Utusaidie sisi watumishi wako tusiwazuie wadogo kuja kwako, bali tuwafungulie mlango na kukaa nao, hata siku ile utakapoyafuta machozi yote. Twaomba kwa jina lako. Amina.